Paa la Ploti na Mkwe wa Ouko

Kijana aliyepokea funguo zangu aliniuliza swali moja tu: kama choo cha nyuma huziba. Nikamwambia huziba, na fimbo yake iko nyuma ya tangi la maji. Akaridhika, akaenda zake. Sasa nimerudi kwangu Uriri, nafuga kuku na kusengenywa na majirani wapya, na kila nikikaa kivulini nakumbuka kwamba hakuuliza jambo lolote juu ya watu. Choo kikiziba kina fimbo yake. Haya ninayoandika ni ya yale mengine, kwa ajili yake na kwa keateka yeyote wa Migori aliyeajiriwa kulinda lango akajikuta analinda amani.

Habari ya mshahara sitaigusa. Aliyewahi kuwa keateka anaujua, na asiyewahi hataamini.

Ploti yetu ina safu mbili za vyumba zinazotazamana, uwanja katikati, kamba za nguo, na bomba moja la maji ambalo hutoa maji likipenda. Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Mama Dorina, keateka aliyenitangulia, mwanamke mfupi ambaye hata mbwa wa jirani walimpisha njia. Alinikabidhi gambuti zilizokuwa ndogo kuliko miguu yangu, panga la kufyekea, ile fimbo yenye mpira mwishoni, na rundo la funguo.

"Hizi ni za milango," aliniambia. "Watu hawana funguo, Opiyo. Mtu unabisha, unangoja."

"Na asipofungua?"

"Unangoja tena. Kwani wewe unaenda wapi?"

Kisha akanitembeza. Nilidhani atanionyesha vyumba, kumbe ananionyesha watu. Huyu wa namba moja ukimsalimia kabla hajanywa chai anakasirika. Huyu wa namba sita ukimsalimia baada ya chai hamalizi. Yule pale anafanya kazi usiku, na mlango wa mtu wa kazi ya usiku haubishwi mchana hata nyumba ikiwaka moto. Unauzima moto polepole, akiamka unamweleza. Hilo la mwisho alilisema bila kucheka, nami nililishika hadi siku niliyostaafu.

Mwishowe alinionyesha juu. Aliyejenga ploti ile ama aliishiwa matofali ama aliishiwa subira, kwa maana kuta kati ya chumba na chumba hazikufika kwenye mabati. Zilikoma juu kidogo ya mlango, na kuanzia hapo hewa ilikuwa ya wote. Ukipiga chafya namba moja, namba tano anakwambia pole. Namba mbili akikaanga samaki, safu nzima inakula ugali wake kwa harufu. Mabati nayo yalipigwa kwa mfululizo kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho, paa moja refu.

"Hapa," alisema Mama Dorina, "mtu halali peke yake hata kama hajaoa."

Miaka ya mwanzo ilinifunza mambo madogo, nayo ndiyo yanayovunja ploti. Kulikuwa na dada mmoja kutoka Muhuru Bay, mfanyabiashara wa omena, dagaa wa ziwani, aliyezianika juu ya paa la choo. Paka wa mji mzima wakahamia kwetu. Mwalimu Otieno wa namba sita, yule asiyemaliza salamu, alikuja kwangu kila jioni kulalamika. Ningeweza kupiga marufuku, lakini marufuku ya keateka huheshimiwa mpaka keateka ageuke. Nilimwomba yule dada kila akianua ampelekee mwalimu sahani moja kwanza. Baada ya hapo nilimkuta mwalimu mwenyewe amesimama kando ya choo na ufagio, anafukuza paka.

Kamba ya nguo pia ni shule. Ukitaka kujua tabia ya mtu usimtazame kanisani. Mtazame anapokuta nguo za mwenzake zimekauka na yeye ana beseni zima la kuanika. Kuna anayezianua akazikunja vizuri, na kuna anayezirundika kama majani ya ng'ombe. Wa kwanza akikosa kodi mwezi mmoja atakuambia mapema. Wa pili atahama alfajiri.

Lakini kesi iliyonipa mvi ni ya Ouko na Boke.

Ouko alikaa namba tatu na mkewe Achieng' na mtoto wao mchanga. Kazi yake ilikuwa kukodisha spika kwenye matanga. Mtu akifa kuanzia Uriri hadi ziwani, Ouko alikuwa huko na spika zake, zilizozidi kabati kwa ukubwa. Alikuwa mtu mchangamfu, mkarimu, na asiyejua kabisa kuwa ana sauti. Boke, dada wa Kikuria, alikaa safu ya pili, mkabala naye. Alikuwa nesi wa zamu ya usiku. Wote wawili walirudi asubuhi wakiwa wamechoka kutokana na kazi zinazofanana, ukizifikiria vizuri. Tofauti ni kwamba Ouko alilala kidogo tu, na mchana alizitoa spika uwanjani kuzijaribu. "Hallo, hallo. Moja, mbili." Vikombe vikatetemeka kabatini.

Boke alivumilia, kisha siku moja akatoka. "Kaka Ouko, mimi nalala saa hii. Hizo vitu huwezi jaribu jioni?"

"Dada, wafu hawangojangi."

"Na mimi ndio huwatunza kabla wakuwe wafu. Wacha nilale, nikupunguzie kazi."

Kuanzia siku hiyo hawakusalimiana. Nilijaribu kila njia. Nilibandika karatasi ya saa za kimya langoni. Ouko akaisoma yote kwa maikrofoni, eti wasiojua kusoma nao wafaidike. Boke naye akitoka kazini alfajiri alianza kufua chini ya dirisha la Ouko huku akiimba nyimbo za kanisa, beti zote. Nilipitia kati ya wawili hao kila siku na gambuti zangu, nikajiona mtu wa mpakani asiye na kitambulisho cha upande wowote.

Hapo ndipo jicho la mama mkwe lilipoingia.

Achieng' alinijia asubuhi moja na macho mekundu. Mama yake, Mama Perpetua wa Kisegi, alikuwa na mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikufa zamani. La kulia ndilo lililobaki, nalo lilikuwa limeingiwa na ukungu kiasi kwamba alimtambua mtu kwa hatua zake. Alipata nafasi ya kupasuliwa hospitalini Migori, na daktari alisisitiza kwamba baada ya hapo akae karibu, atiwe dawa mara kwa mara kwa mkono msafi, asiinamie moto, asiingie moshini, mpaka atakapokaguliwa na kuruhusiwa.

"Hili likiharibika, mzee, mama hataona huyu mtoto wangu hata siku moja," alisema Achieng'. "Na hawezi lala kwangu. Unajua."

Nilijua. Mjaluo halali nyumba moja na mkwe wake. Ouko alipokuwa akimtaja mama mkwe tu, aliweka vifungo vyote vya shati. Lojing za karibu na stendi hazikufaa. Huko mlango unabishwa hadi asubuhi na watu wanaotafuta mlango mwingine. Chumba changu cha langoni ni cha mwanamume mjane. Kwa hiyo nilitoa wazo nililoliona la busara: namba nne ilikuwa tupu, jirani na Achieng' kabisa. Mwenye ploti akakubali. Nikapiga deki, nikaleta kitanda.

Mama Perpetua alifika siku moja kabla ya kupasuliwa, mrefu, amenyooka, leso ya kijani mabegani, mkoba mkono mmoja na jogoo mkono mwingine, maana mtu haendi kwa wenyewe mikono mitupu. Achieng' alimshika akamwingiza namba nne. Mama akakaa kitandani, akapapasa ukuta, akasema ni pazuri. Wakati huohuo Ouko, aliyekuwa amejificha namba tatu kwa heshima, akakohoa.

Mama alisimama. "Huyo ni nani anakohoa humu ndani?"

"Ni baba mtoto, mama. Ako kwake, namba tatu."

"Kwake ni wapi? Mimi nimemsikia ako hapa na mimi."

Achieng' alijaribu kumweleza habari ya ukuta. Mama akauliza ukuta umefika wapi. Akaambiwa. Akauliza mabati yameanzia wapi na yanaishia wapi. Akaambiwa hilo pia, maana kwa mama yake mtu hadanganyi. Alitoka nje na jogoo wake akakaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, juani.

"Paa ni moja," alisema. "Gari ya Kisegi inatoka saa ngapi?"

"Mama, na jicho?"

"Jicho ni langu, nyathina, mtoto wangu. Lakini aibu ni yetu sisi wote."

Tulimsihi. Mwalimu Otieno alileta hoja kwamba kila mlango una namba yake, kwa hiyo ni nyumba mbalimbali. Mama akamuuliza kama yeye angelala na mkwe wake chini ya mabati hayo. Mwalimu alinyamaza, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baada. Upande wa pili palikuwa na paa jingine, lakini huko tulikuwa mimi, makapera wawili wa bodaboda, stoo, na Boke. Kila mtu alitazama mlango wa Boke. Ulikuwa umefungwa, alikuwa amelala baada ya zamu. Sheria ya Mama Dorina niliijua, na hata ningeivunja, ningebisha nikaseme nini? Kwamba mtu anayemnyima usingizi anaomba kitanda chake?

Nilikwenda dukani kuulizia gari la Kisegi. Niliporudi nilimkuta Ouko juu ya paa, ameshika mkasi wa mabati.

"Ouko, unafanya nini huko?"

"Natenganisha nyumba, mzee."

"Unatenganisha nini?"

"Nikikata hapa katikati ya tatu na nne, zinakuwa paa mbili. Mama alale."

"Na kule juu ya ukuta kulikobaki wazi?"

"Nitaweka magunia. Mambo ni paa."

Ningetarajia wapangaji wamkataze. Badala yake walikuwa wamekusanyika chini wanajadili upana. Mmoja wa makapera alisema upana wa kiganja unatosha. Mwalimu, aliyepata sauti yake tena, alisema lazima anga lionekane vizuri, la sivyo ni ufa tu, na ufa hautenganishi nyumba. Waliniuliza mimi kama keateka. Nami, Mungu anisamehe, nilijikuta nafikiri kwa makini.

Mabati yakikatwa hulia kilio kibaya. Ouko alikuwa amefikisha urefu wa mkono mzima pale mlango wa Boke ulipofunguka.

Boke alisimama mlangoni amejifunga leso, macho mekundu. "Ni nani anakata mabati?"

Ouko alichuchumaa juu ya paa, akatulia kabisa, kana kwamba mtu aliyechuchumaa juu ya paa haonekani. Boke alivuta pumzi ya kuanza kusema yote aliyoyaweka moyoni. Kisha akamwona mama.

Alitembea hadi kwenye kigoda, akapiga goti, akasalimia. Akamshika mama kidevu, akageuza uso wake kwenye mwanga, akalitazama lile jicho kwa muda.

"Wanapasua lini?"

"Kesho," alisema Achieng'.

"Na mnamkalisha kwa jua? Na vumbi ya mabati inaanguka?"

Achieng' akaeleza yote huku analia: mkwe, ukuta, kikohozi, paa. Boke alisikiliza. Aliinua macho akamtazama Ouko na mkasi wake, na nikaona mdomo wake unatetemeka. Alikuwa anazuia kicheko.

"Hata kwetu mkwe ni kitu cha kuogopa," alisema. Akachukua mkoba. "Mama, twende. Paa yangu iko na makapera wawili na Mzee Opiyo. Hakuna mkwe wako hapo."

"Na usingizi yako?" aliuliza mama. Hata kipofu alikuwa ameona tulichokuwa hatukioni.

"Tutalala wote."

Akamwongoza. Alipofika mlangoni aligeuka, akamwambia Ouko neno la kwanza tangu ule ugomvi. "Na wewe shuka. Mvua inakuja."

Ilikuja kweli, jioni hiyohiyo, ikapitia tundu la Ouko moja kwa moja hadi kwenye spika yake kubwa. Tuliziba kwa lami. Baadaye mwenye ploti aliuliza kile kiraka kimetoka wapi. Nilimwambia ukweli, kwamba Ouko alitembelewa na mama mkwe. Naye ana mama mkwe. Hakuuliza zaidi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mama akarudi na bandeji, akalala kitanda cha Boke. Boke akalala sakafuni kwenye godoro, akamtia dawa kabla ya kwenda kazini na baada ya kurudi, na Achieng' akachukua zamu za katikati. Boke Mkuria, mama Mjaluo wa Suba, waliongea Kiswahili ambacho hakuna kati yao aliyekipenda, na walielewana kabisa. Jogoo, ambaye sasa alikuwa zawadi ya mama kwa Boke, aliwika chini ya dirisha mchana wote wa kwanza. Siku iliyofuata sikumsikia tena. Niliona nimeletewa paja.

Lakini tazameni ajabu ya Ouko. Karatasi yangu, maombi ya Boke, malalamiko ya mwalimu, yote hayakumpunguzia hata kidole cha sauti. Sasa mama mkwe alikuwa amelala ng'ambo ya uwanja, na Ouko akatembea peku. Alikohoa ndani ya shati. Hakuthubutu kwenda bafuni na taulo. Alivaa suruali ndefu na viatu, akaenda kuoga kama mtu anayekwenda kuposa. Spika alizipeleka kwa rafiki yake nje ya mji. Siku mtoto wake alipolia, alitoka kumwombea msamaha kwa mlango uliofungwa. Boke alilala mchana kutwa, akanenepa.

Siku ya kuondoka, bandeji ikiwa imetoka, mama alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, akamgusa pua, akasema ana pua ya babu yake. Achieng' alilia, nami sikuwa mbali sana na kulia. Kisha mama akamuuliza Boke, "Hii ploti yenu iko kimya. Huwa hivi siku zote?"

Boke akatutazama sisi. Sisi tukatazama ardhi. Ouko alikuwa nyuma ya tangi la maji, kwa heshima.

"Aa," alisema mama. Alielewa. Akavua leso yake ya kijani akamfunga Boke mabegani. "Ukilala, anika hii kwa kamba mbele ya mlango. Mkwe wangu anaijua." Alisema kwa sauti ya kufika nyuma ya tangi.

Spika zilirudi, lakini tangu siku hiyo leso ikiwa kwenye kamba, Ouko hugusa plagi kisha huiweka chini. Wapangaji wapya walidhani ni mambo ya dini. Ouko na Boke walianza kusalimiana, baadaye kukopeshana chumvi, na mwishowe Boke akawa ndiye anayemwambia Ouko hospitalini ni nani wa upande gani amefariki, jambo nililomkanya, wakacheka wote wawili. Mama Perpetua tulimzika Kisegi mwaka uliopita. Wajukuu wake wote aliwaona kwa jicho lile. Ouko alileta ng'ombe wa mkwe na spika zote, na aliyekaa kwenye kitufe cha sauti, akikipunguza, alikuwa Boke.

Waliniandalia sherehe ya kuagwa siku ya Jumapili mchana. Nilitoka chumbani na koti langu nikakuta viti vimepangwa, spika zimepangwa, na watu wote wananong'ona. Leso ya kijani ilikuwa kwenye kamba mbele ya mlango wa Boke.

Basi niliagwa kwa minong'ono. Mwalimu Otieno alinong'ona hotuba ndefu. Ouko, msimamizi wa sherehe, alishika maikrofoni ambayo haikuunganishwa popote, kwa mazoea tu, akanong'ona kwamba nilikuwa mtu wa kubisha na kungoja. Walipiga makofi mapajani. Nimesifiwa kwa kelele mara moja mbili maishani na sikuguswa. Lakini kunong'onezewa kuliniingia hadi ndani, nikalia bila kujificha.

Tukiwa hapo lango likafunguka. Boke akaingia na kreti ya soda kichwani.

"Mbona mnanong'ona? Ni nani mgonjwa?"

Tulimtazama yeye, tukatazama mlango wake. Ouko akaonyesha leso kwa maikrofoni.

"Ai, hiyo nimeifua tu," alisema Boke. "Mimi niko soko tangu asubuhi." Akatua kreti, akaiendea kamba. "Wacha niitoe, muweke muziki."

Ouko alikuwa na plagi mkononi. Aliitazama leso, ilivyofifia, bado ina majimaji.

"Wacha ikauke," alinong'ona.

Boke akaiacha, akavuta kiti akaketi. Tukaendelea vilevile. Ilikuwa leso nzito, na jua siku ile halikuwa na haraka.